Leo Hapana

Nchi nzima ilimjua kwa kuanguka.
Firmin Dhaese alianguka kutoka ngazini, kutoka meza ya harusi,
kutoka dirishani na keki mkononi,
kila Jumamosi saa mbili usiku,
nasi sebuleni tukishika mbavu.

Mimi nilimjua kwa mnyororo.
Jumatatu alfajiri alikuja karakanani kwangu, Ronse,
kofia ya sufu imemfika nyusi,
akaniletea baiskeli kama mama ampelekaye mtoto kliniki:
"Godelieve, analia. Sikiliza."
Nikainama, nikazungusha pedali.
Kweli, alikuwa akilia. Gololi moja imekauka,
sauti ya panya ndani ya kabati.

Watu hudhani alianza alipopata fedha.
Alianza na mikate.
Miaka kumi na miwili, majira ya baridi,
kapu mbele, kapu nyuma, miguu haijafika chini sawasawa,
akipanda kilima cha mawe kwenda kwa watawa.
Akateleza penye barafu.
Mikate ikabingirika hadi mlangoni pa bucha,
na wanawake waliopanga foleni wakacheka,
wakacheka hadi mmoja akafuta macho kwa aproni,
naye alikuwa amemzika mumewe wiki ile.
"Hapo riziki yangu ilipoandikwa," aliniambia,
"ila siku ile sikutaka kumchekesha mtu.
Nilitaka kufika juu."

Magari yalikuja baadaye, moja jekundu, moja refu kama jeneza.
Wake walikuja wawili, wakaenda wawili.
Baiskeli ilibaki hiyo ya buluu aliyoiunga baba yangu.
Nimebadilisha rimu mara tisa, tandiko mara nne,
usukani mara moja, baada ya ng'ombe wa Kluisbergen.
Aliwahi kuniuliza: bado ni ileile?
Nikamuuliza: na wewe, kwa meno hayo na nyonga ya chuma?
Akacheka. Si kile kicheko cha televisheni.
Kidogo tu, cha puani.

Mkataba ulimkataza kupanda wakati wa kurekodi.
Shingo yake ilikuwa na bima kuliko nyumba yangu.
Basi niliipeleka Brussels kwa gari la mboga,
chini ya magunia ya viazi,
nikamngoja nyuma ya studio akitoka na rangi bado usoni.

Barabarani hakuwa mcheshi hata chembe.
Nilimfuata mara moja, upepo wa ubavu,
gazeti kifuani chini ya jezi likinung'unika.
Wenye malori walipiga honi: "Firmin, anguka!"
Aliinua kidole kimoja, hakugeuka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
yeye aliinama miaka sitini na sita, pua juu ya usukani,
na alichokuwa akikitafuta huko sikijui.
Sikumuuliza. Nilikuwa nahema.

Mara ya mwisho alikuja kwa miguu, akiisukuma.
Macho yamekwisha, daktari amesema.
Tukapanda kilima taratibu, yeye ameegemea tandiko,
akihesabu mawe kwa nyayo.
Kileleni akavua kofia.
Watoto wa shule, ambao hata hawakuwa wamezaliwa
alipoacha jukwaa, wamemwona kwenye simu za babu zao.
"Firmin, anguka!"
Akawageukia zilikotoka sauti.
"Leo hapana," akasema. Kwa adabu kabisa.

Alipokufa walikuja watu wa makumbusho
na glavu nyeupe na fomu.
Walitaka baiskeli maarufu.
Nikawapa ile ya jukwaani, ya kuangukia,
gurudumu la mbele lililegezwa makusudi, usukani wa plastiki.
Wakashukuru, wakaifunga kwa blanketi.

Ya buluu hawakuiona. Iko nyuma, juu ya friji.
Tope la kilima lingali penye breki.
Jana niliizungusha pedali, nikasikiliza.
Kimya.
Nikaitia mafuta hivyo hivyo.